Na Mama

"Peke yako, mama?"
akauliza binti wa ofisini, Barabara ya Kumi na Tatu.
Peke yangu.
Kalamu ikasita, kisha ikaongeza elfu kumi na tano:
kiti cha pili hulipiwa, akasema, hata kikikaa kitupu.
Nikalipa. Marehemu hakuwa wa bei rahisi alipokuwa hai,
itakuwa leo?

Saa moja kasoro, Kosta nyeupe inanguruma.
Kiongozi wetu kijana wa Kisambaa, Shekiondo,
shati lake limepigwa pasi hata mikunjo inakata.
Anatuhesabu kwa kidole:
wawili, wanne, sita, nane,
na mama.

Muheza tunashuka kununua machungwa.
Maharusi wa Dodoma wanafyonza moja kwa midomo miwili.
Mimi langu namenya lote, kipande kwa kipande,
na ganda halikatiki.

Kisha barabara inaanza kupanda, masikio yanaziba,
Shekiondo anashika kipaza sauti:
"Kulia kwenu, chai. Kushoto, chai.
Mkigeuka nyuma, mtaona chai."
Wenzangu wanapiga picha za chai.
Mimi nasoma vibao.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa nyuma ya dirisha la posta
nikigonga mihuri. Vijiji hivi vimepita chini ya kidole gumba changu,
Kisiwani, Mlesa, Kwamkoro, Amani,
vikaingia gunia, vikafungwa kamba, vikaenda.
Kumbe Kisiwani hakuna kisiwa.
Nimetazama pande zote mbili.

Mlesa tumepewa dakika arobaini.
Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati,
kuku wanatembea ndani yake kama watu wenye shughuli.
Wenzangu wamefuata njia ya maporomoko.
Mimi magoti yangu yamesema hapana,
nikaingia duka la mwanamke anayepima iliki.

Onga mshi, nikamwambia, neno nililolikariri njiani.
Akacheka, akalinyoosha mdomoni mwake, akanirudishia.

Nikamuuliza nilichokuja nacho.
Zilikuwa bahasha za kijani, kutoka Mwanza,
mwandiko umeinama kama mtu anayepanda kilima:
Bi. Mboni Shemhina, Mlesa.
Basi. Sanduku hakuna, shule hakuna,
kwa mkono wa fulani hakuna.
Utaratibu ulikuwa utaratibu.
Mara saba nikauinua muhuri mwekundu,
mara saba nikaushusha:
HAJULIKANI.

"Mboni?" Mizani ikabaki ikining'inia.
"Si yule wa maandazi!
Nani hapa hajala maandazi yake kwa mkopo?
Nyumba yake ile, ya mlango wa buluu.
Kafa mwaka juzi na hakunidai."
Akaita nje, kwa sauti ya kuvuka bonde,
na kutoka ndani ya ukungu
sauti tatu zikaitika jina hilo, kila moja na kisa chake:
Mboni aliyempiga bwana shamba kwa mwiko,
Mboni aliyekuwa na mtoto Mwanza,
mtoto asiyeandika.

Asiyeandika.

Nikatazama kidole gumba changu.
Kimestaafu nami, kina mafuta ya chungwa.
Nilitaka kusema, nikakuta sina pa kuanzia;
barua hurudi zikiwa zimefungwa,
na mimi sikupewa kazi ya kuzisoma.
"Nusu kilo?" akauliza.
Robo, nikasema. Kisha: nusu.

Mlango wa buluu nimeufikia. Una kufuli.
Nimeugonga hata hivyo,
mara moja, taratibu,
si kama nilivyozoea kugonga.

Honi ikalia. Nikarudi mbio za mtu mzima,
mfuko wa iliki nikauweka kwenye kiti cha pili,
kiti nilicholipia,
ukajaza gari zima harufu.
Shekiondo mlangoni, kidole juu:
wawili, wanne, sita, nane...
akasita, akachungulia ndani.
"Samahani, mama. Asubuhi sikukuuliza. Jina nani?"

Nikamtajia. Lote, na la babu,
na mtaa, na namba ya nyumba.